Walikuwa Saba

Makao Makuu, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na sasa anaona vumbi lililokuwamo nyumbani miaka yote, kwa hiyo wote tunafagia. Binti yangu, ambaye ni wako pia, amemaliza mtihani wa mwisho wa ukunga. Anakusalimu sana, na anasema shangazi asipomjibu safari hii atakuja mwenyewe kulifuata jibu.

Najua hupokei simu zangu. Silalamiki. Angalau barua zangu huzirudishi.

Nina habari. Tarehe 30 Juni nakabidhi ofisi. Miaka thelathini na tisa jeshini, dada, na mitano ya mwisho nikiwa Mkuu wa Majeshi. Wameshaanza kupima madirisha ya ofisi yangu kwa ajili ya mapazia ya anayekuja, na mimi bado nimo kwenye kiti! Jana fundi wa mapazia aliniomba niinue miguu.

Sasa nije kwenye shida yangu. Kila mkuu anapoondoka huacha ujumbe wa kuaga. Anausoma mwenyewe uwanjani saa nne asubuhi, redio inaurusha, na saa hiyohiyo unasikilizwa katika kila kambi, askari wakiwa wamesimama wima. Baadaye, kama alivyousoma, unabandikwa kwenye kitabu cha amri cha kila kambi. Hiyo ndiyo amri yake ya mwisho, na kwa desturi yetu amri ya mwisho haifutwi na anayekuja. Mengine yote anaweza kuyafuta, pamoja na mapazia.

Rasimu nimeiambatanisha, kurasa tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, na hadi nilipokuwa luteni nilikuletea ripoti zangu uzipige kalamu nyekundu. Naomba uipitie kama zamani. Usinionee huruma.

Mdogo wako.


Nyumbani, 29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tisa kufika. Kama adui naye anatumia posta hii, basi nchi iko salama.

Mimi mzima. Goti linajua mvua kabla ya watabiri wa hali ya hewa, nimekuwa kama kituo chao. Nimestaafu ualimu lakini mkono haujastaafu: juzi nimesahihisha kwa chaki tangazo la mkutano wa mtaa pale ukutani, mwenyekiti akanuna siku mbili. Mpe wifi pole ya jicho. Mwambie asifagie sana, vumbi likiisha atahamia kwako. Binti yangu mwambie jibu lake liko njiani na nampongeza kwa moyo wote.

Rasimu nimeipitia. Umeandika "kwa unyenyekevu mkubwa" mara tisa. Mnyenyekevu husema mara moja akanyamaza, nimekuachia moja. Zile helikopta ulizonunua ziondoe, ni kubwa, watu wanaziona wenyewe. Pale unapowashukuru wapishi na madobi wa kambi pamenigusa, maana wakubwa huwa hawawataji. Hapo sikuweka hata nukta yangu.

Aya ya nne pia sikuigusa. Ndiyo ile unayowakumbuka waliofia kazini. Umeandika: "Sitawasahau vijana sita waliochukuliwa na mto darajani."

Walikuwa saba.

Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, nimeweka sufuria. Fundi ameahidi Jumatatu, hakusema ya mwezi gani.

Dada yako.


Makao Makuu, 18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Masahihisho yako nimeyasoma mchana, nikacheka hadi karani akafungua mlango kuangalia kama nimepatwa na jambo. Jicho la wifi yako limepona kabisa. Jana ameniambia nina mvi kwenye nyusi, habari ambayo kwa miaka saba alinifichia kwa kutoona.

Kuhusu aya ya nne, naomba radhi. Aya ile aliiandika karani, na hesabu aliitoa kwenye jalada la tume ya uchunguzi. Jalada linasema sita. Mimi niliisoma nikaipita, na hilo ndilo kosa langu. Sasa nimeibadilisha. Inasema: "Sitawasahau vijana wetu waliochukuliwa na mto darajani." Bila hesabu. Nadhani hivyo hakuna anayeumia.

Unajua mwenyewe tume ilikaa ikaamua, na mimi sikuwa mjumbe wake. Mwendapole wako alikuwa mpwa wangu. Kitandani kwangu ndipo alipolala likizo zote za shule, na mimi ndiye niliyemtia jeshini. Usidhani sina moyo. Lakini yapo mambo ukiyafukua unaumiza wengi kuliko unaowaponya. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite.

Nimekuwekea kiti safu ya mbele, kando ya wifi yako. Nitatuma gari. Njoo unione nikivua kofia hii, dada. Nakuomba.

Mdogo wako.


Nyumbani, 6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Leo salamu ni fupi, usikasirike. Nikizirefusha nitaishiwa ujasiri kabla sijafika ninakokwenda.

Umenitolea hesabu ili mwanangu apite mlango wa nyuma bila kuonwa. Halafu unanitupia kombe na mwanaharamu! Mwanaharamu ni nani hapo, mdogo wangu? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi si mjumbe wa tume.

Ni miaka kumi na moja sasa. Wale sita walizikwa kwa bendi na bendera. Mwendapole tulimleta nyumbani kwa gari la jirani, juu ya godoro, kwa sababu jalada lilisema dereva aliingia darajani bila amri akawaua wenzake. Wewe ulikuja mazishini umevaa nguo za kiraia, ukasimama nyuma karibu na lango, ukaondoka kabla hatujamaliza kufukia. Ukutani pale kambini wanapoandikwa waliofia kazini kuna majina sita. Nimeambiwa tu, sijawahi kwenda kuyaona.

Mama Pacha anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Pacha wake mmoja alikuwa kwenye lori la Mwendapole, ni mmoja wa wale sita. Miaka yote hii tunakinga maji bomba moja, na kila nikifika anaondoa ndoo yake hata kama haijajaa. Simlaumu. Ningekuwa yeye na mimi ningeondoa.

Mwanangu aliitwa Mwendapole. Jina hilo ulimpa wewe, siku aliyokupeleka stesheni ukakosa treni kwa sababu alisimama kila kona akatazama huku na huku kama anayevuka na bibi yake. Kambini wakalipokea jina, wakalifanya lao. Sasa niambie, mtu huyo ndiye aliyeyakimbilia maji ya mafuriko bila kuuliza?

Mwaka juzi nilipata mgeni. Alikuwa mpiga redio, askari wa mawasiliano, katika msafara wa malori aliokuwamo Mwendapole. Alikaa sebuleni kwangu, akanywa maji glasi tatu, akanieleza alichokisikia redioni siku ile. Maneno yake nimekaa nayo miaka miwili. Sikukuuliza, kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Nilisema moyoni, mdogo wangu akifika mwisho wa kazi ataniambia. Ndiyo maana rasimu yako ilipofika nilifurahi, nikaisoma nimesimama palepale mlangoni. Nikakuta unyenyekevu mara tisa na vijana sita.

Sitaki ufungwe. Sitaki fidia. Nataka jina la mwanangu lisomwe pamoja na wenzake, na isemwe ni nani aliyemwambia avuke. Zimebaki siku zisizofika wiki nane kabla ya hiyo tarehe yako. Baada ya hapo utakuwa mzee mwenye kumbukumbu kama sisi wengine, na kumbukumbu za mzee hazibandikwi kwenye kitabu cha amri.

Kiti cha mbele siji kukikalia mpaka nijue nitasikia nini.

Dada yako.


Makao Makuu, 24 Mei

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wote hawajambo. Nimefunga mlango wa ofisi na kumwambia karani asiingize mtu, hata waziri. Karatasi hii ni ya ofisi kwa sababu ndiyo iliyo mezani, vitu vyangu vingine vimeshafungwa makatoni.

Mpiga redio hakukudanganya.

Siku ile tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa kamanda wa brigedi, na mgeni wa heshima alitarajiwa saa sita kutazama zoezi. Jina langu lilikuwa linatajwatajwa kwa cheo. Mimi nilitangulia, nikawa uwanjani nasubiri malori kumi na mawili. Mwendapole aliendesha la kwanza. Alipofika darajani alisimama, akauliza redioni kama avuke, kwa sababu maji yalikuwa yanapita juu ya daraja. Nikamwambia vuka. Akauliza tena: "Mkuu, nathibitisha, nivuke?" Hakuniita mjomba. Kazini hakuniita mjomba hata siku moja. Nikamjibu: "Vuka, hiyo ni amri. Umezoea kutuchelewesha."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu.

Tume iliponiuliza nani alitoa amri, nilisema sikumbuki mawasiliano yote ya siku ile. Kitabu cha redio hakikuonekana. Sikukipoteza mimi, lakini sikukitafuta, na wote waliona sikitafuti, basi hakuna aliyekitafuta. Mpiga redio akahamishiwa kambi ya mbali. Uhamisho wake niliutia sahihi mimi. Baada ya miezi mitano nikapandishwa cheo, na wewe ukaacha kupokea simu zangu. Nikajifanya nadhani ni msiba tu.

Nilijiambia kamanda akianguka brigedi nzima inaanguka. Nilijiambia kijana ameshakufa, jina jema halimrudishi. Nilikuwa na sababu nyingi, dada, na kila cheo kilipoongezeka ziliongezeka nazo. Najuta. Najuta hasa lile neno la kuchelewesha, maana amri ningeweza kuita kosa la kazi, lakini neno lile lilikuwa la mjomba wake, nami nililitumia kumsukuma.

Aya ya nne nimeiandika upya, kwa mkono wangu: "Nawakumbuka vijana saba waliochukuliwa na mto darajani. Dereva wao aliuliza mara mbili kama avuke. Aliyemwamuru ni mimi, na nikanyamaza alipolaumiwa. Naamuru jina lake liandikwe ukutani pamoja na wenzake."

Karani ameichapa. Nakala moja amebaki nayo yeye. Tarehe 30, saa nne, fungua redio.

Natia sahihi kwa cheo changu, kwa mara ya kwanza katika barua yako, kwa sababu aliyetenda haya alikuwa mwenye cheo.

Jenerali, Mkuu wa Majeshi.


Nyumbani, 10 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba tena.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kufua, nikarudi kuisoma mikono ikiwa na povu. Nimelia. Nimekutukana kwa sauti mpaka paka akahama chumba. Kisha nikakuonea fahari. Yote matatu asubuhi moja, kwa umri huu!

Nilikuwa nayajua, lakini kujua kwa mgeni si sawa na kuambiwa na wako. Lile neno la kuchelewesha mpiga redio hakuniambia. Nadhani alinihurumia.

Jana nilikwenda kwa Mama Pacha. Alisimama mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa, tayari kufunga. Nikamwambia, "Jirani, tarehe thelathini saa nne njoo usikilize redio kwangu. Kuna neno kuhusu watoto wetu."

Akasema, "Watoto wetu?"

Nikasema, "Ndiyo, wetu."

Akasema amealikwa uwanjani pamoja na wazazi wengine wa wale sita, jeshi limewapangia safu ya tatu. Kisha akasema atafikiri. Sikumweleza zaidi, hilo ni lako kulisema. Leo bombani alisubiri ndoo yake ikajaa. Hakunisalimu, lakini alisubiri ikajaa.

Kiti changu mpe mwingine. Nitakuwa na mgeni. Na usibadilishe hata nukta, mdogo wangu. Mimi mwalimu wako nakwambia hiyo ndiyo insha yako bora.

Dada yako.


Nyumbani kwetu, 30 Juni, alasiri

Dada,

Umeshasikia.

Karatasi zote mbili zilikuwa mfukoni mwangu, ile mpya kulia na ile ya zamani kushoto. Nilipanda jukwaani mkono ukiwa kwenye mfuko wa kulia, nakuapia. Kisha nikawaona wazazi wale safu ya tatu. Mama mmoja mzee alinipungia kitambaa. Nikawaza kwamba ataacha kupunga, na mkono ukaenda kushoto. Ningependa kukwambia waziri alinikataza. Hakunikataza mtu.

Karani alikuwa amesimama pembeni na nakala yake. Aliposikia ninachosoma aliinama akatazama viatu vyake. Ilipokwisha watu walinipigia makofi, bendi ikapiga, wifi yako akalia kwa furaha, nami nikakabidhi. Gari la ofisi lilinileta nyumbani likaondoka. Kambini huko ujumbe wangu umeshabandikwa, na kama nilivyokueleza, haufutwi.

Sina la kujitetea. Nina ombi moja tu. Barua ile ya tarehe 24 Mei, tafadhali ichome. Imebaki hatari kwangu na haina faida tena kwako. Nifanyie hilo, hata kama hutaniandikia tena.

Mdogo wako.


Nyumbani, 1 Julai

Mdogo wangu,

Najua mzima, nimekusikia redioni.

Mama Pacha alikuja saa tatu na nusu. Aliiacha safu ya tatu na gari la jeshi akaja kwangu, amevaa nguo zake za kutokea, akaketi karibu na redio bila kuegemea. Ulisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Wapishi na madobi uliwataja. Unyenyekevu ulikuwa mmoja. Ulipoanza aya ya nne Mama Pacha alinishika mkono. Ukasema, "Sitawasahau vijana wetu waliochukuliwa na mto darajani," kisha ukahamia kwenye zile helikopta ulizonunua.

Akaniachia mkono. Akauliza, "Ndiyo hilo neno?"

Sikumchukia alivyouliza. Aliuliza polepole, kama anayeogopa kunivunjia chombo.

Nikamwambia kaa. Nikafungua kabati nikatoa barua yako ya tarehe 24 Mei, nikamsomea. Nilipofika "umezoea kutuchelewesha" aliinyakua akajisomea mwenyewe hadi chini kwenye sahihi. Akairudia tangu mwanzo. Redioni bendi ilikuwa bado inapiga, nikaizima.

Aliikunja barua. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja nakukimbia bombani." Akajifunika uso. Mimi ndiye niliyembembeleza, fikiria.

Kabla hajaondoka akaniomba barua. Anataka wale wazazi wengine watano waisome, kisha waipeleke kwa huyo aliyekalia kiti chako. Anasema uliitia sahihi ukiwa kazini, kwa cheo chako, kwenye karatasi ya ofisi, kwa hiyo hawawezi kuiita porojo za mstaafu.

Nilimwambia asubiri. Nikaenda jikoni nikasimama. Ile ni barua ya ndugu yangu kwangu. Uliiandika kwa kuniamini, na kuitoa ni kukusaliti, hakuna jina lingine zuri la kuliita jambo hilo. Nilikulea tangu mama alipofariki, nikakuvusha kila darasa, nikakununulia viatu vyako vya kwanza vya kwenda jeshini. Nikafikiria hayo yote. Kisha nikafikiria godoro lile kwenye gari la jirani.

Nimempa.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungesema ndiyo, halafu siku ikifika ungefanya lingine, kama ulivyofanya jana. Nimechoka kukungoja, mdogo wangu. Kama kosa hili litanifuata, nitalibeba, goti langu limezoea mizigo.

Dada yako.


Nyumbani kwetu, 19 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wifi yako hajambo, ila kwa wiki tatu alinipikia bila kusema nami. Yeye naye hakuwa anajua. Binti yako ameanza kazi wodi ya wazazi. Ananisalimia asubuhi na jioni kama ninavyosalimiwa na wapangaji.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinifikia nikiwa bado nasubiri uniambie kwamba yangu umeichoma. Niliposoma ulilofanya nilikukasirikia mno. Nilisema umeniuza kwa jirani. Nilichukua kalamu nikuandikie maneno makali, na nashukuru kwamba sikupata stempu nyumbani. Mstaafu hana karani wa kumletea stempu.

Juzi niliitwa Makao Makuu. Mlangoni askari aliniomba kitambulisho, akaandika jina langu kwenye daftari la wageni, nikakaa kwenye benchi saa nzima. Mapazia ni ya rangi ya maziwa, yamependeza. Tume mpya ilikuwa ya watu watano, wawili nimewafundisha kazi mwenyewe. Mpiga redio alikuwa ameshahojiwa. Waliniuliza mambo mawili tu: kama sahihi ni yangu, na kama dereva aliuliza. Nikasema sahihi ni yangu, na aliuliza mara mbili. Basi. Miaka kumi na moja nilidhani nitakufa nikiyatamka, nami nikatoka nje nikiwa na njaa.

Picha yangu imeteremshwa kutoka ukumbi wa wakuu waliopita. Mkuu mpya ametoa amri jina la Mwendapole liandikwe ukutani, na kesi yangu wanaendelea kuitazama. Litakalokuja nitalipokea. Nilitaka haya yasemwe kwa mdomo wangu, kwa hiari yangu, na nafasi hiyo nilikuwa nayo mkononi nikaiacha ipite. Hilo litanisumbua kuliko picha.

Naomba nije, dada. Si kujitetea. Nikae tu sebuleni kwako, hata kama hunisemeshi. Bati la jikoni naweza kulitengeneza mwenyewe, sasa nina muda. Niambie siku.

Mdogo wako.


Nyumbani, 14 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu, safari hii posta haina kosa. Mimi mzima. Bati limeshatengenezwa, fundi alikuja Jumatatu aliyoijua yeye.

Jina limechongwa wiki iliyopita. Jeshi lilitupeleka kwa basi, mama saba, Mama Pacha kanikalia ubavuni njia nzima akinilisha biskuti kama mgonjwa. Bendi ilipiga, askari walisimama wima, na kepteni mmoja akasoma majina yote kwa sauti, la Mwendapole la mwisho. Mchongaji alikuta nafasi imekwisha, akalibana chini ya mengine kwa herufi ndogo kidogo. Mama Pacha alitaka kumgombeza, nikamzuia. Nililigusa. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua na vumbi la kuchonga lilikuwa bado halijafutwa, nikalifuta kwa kanga yangu. Kisha nikasikia furaha, mdogo wangu, furaha yenyewe, na nikatafuta wa kumwambia, na niliyemtafuta ni wewe.

Sasa kuhusu kuja kwako.

Miaka yote ile nilikuwa nakungoja, na mtu humkasirikii unayemngoja, unaogopa asije akageuzia njiani. Sasa sikungoji tena. Hasira imekuja yote kwa pamoja. Naamka nayo, nafua nayo. Nikikumbuka mwanangu alivyouliza mara mbili natamani kuvunja vyombo, na juzi nimevunja kimoja. Ukija sasa nitakwambia neno ambalo hata mimi sitaweza kulisahihisha.

Kwa hiyo usije. Usitume zawadi, na usimtume wifi aje kukuombea. Binti yangu aje, chumba chake kiko tayari, yeye hana kosa. Mwambie aache kukusalimia kipangaji, wewe ni baba yake.

Hakuna mtu aliye hai ninayempenda kukuzidi wewe, ndiyo maana jambo hili litachukua muda mrefu. Niache nikukasirikie mpaka iniishe. Ikiisha nitakuita mwenyewe.

Na nikifa kabla haijaisha, uje unizike hivyohivyo, wala usingoje kualikwa.

Dada yako.